Mkia wa Manumea

Jumatatu asubuhi Uelese aliteremka kutoka msituni akikimbia. Hapa Vaimanu mwanamume wa umri wake hakimbii labda nyumba iwe inaungua, kwa hiyo sisi wanawake tuliokuwa tukifagia uwanja wa kanisa tuliacha mifagio tukamtolea macho. Mkononi alishika jani la mgomba lililokunjwa. Alipolifungua tuliona manyoya ya mkia, mapana, ya hudhurungi iliyokolea, fungu zima.

"Wamemuua," alisema. "Manumea wetu wamemuua."

Akakaa kwenye ngazi za kanisa, akajifunika uso kwa viganja, akalia. Na sisi tukalia naye. Sioni haya kusema hivyo.

Manumea ni njiwa wa msituni, hayupo popote duniani ila katika visiwa vyetu vya Samoa, na hata kwetu wengi wamemwona kwenye sarafu tu. Mwaka ule manumea mmoja alikuja kula matunda ya mti wa maota ulioko juu ya kijiji, kando ya lile jukwaa la mawe ambalo machifu wa zamani walisimama juu yake kunasa njiwa. Ungeona tulivyojazana! Bibi Tiresa, ambaye magoti yake humkatalia hata kwenda dukani, alipanda kilima chote kile kwenda kumtazama. Na kweli ni ndege wa kutazamwa. Mwili wa kijani cheusi unaong'aa, mgongo wa hudhurungi, na mdomo sasa! Mwekundu, mnene, umepinda kama ndoana, na pembeni una meno. Njiwa gani mwingine ana meno? Tena anakula taratibu, anatazama huku, anatazama kule, hana haraka na mtu. Tuliporudi nyumbani siku ile tulikuwa tunanong'ona, kama tumetoka kwenye ibada.

Baraza la machifu likapiga marufuku bunduki, mbwa na mitego katika msitu wa juu, na mlinzi akawa Uelese. Huyu zamani alikuwa mpiga njiwa hodari kuliko wote katika kisiwa chetu cha Savai'i. Siku alipomwona manumea kwa mara ya kwanza alirudi nyumbani, akaifunga bunduki yake kwa gunia, akaipeleka polisi mwenyewe. Tangu hapo alimlinda yule ndege kuliko alivyojilinda yeye.

Adhuhuri baraza likakutana. Vijana waliotumwa chini ya mti walirudi na ganda la risasi, la bunduki ya marisau. Chifu Malaetoa, mkuu wa kijiji, aliliweka juu ya mkeka.

"Hili ni la nani?"

Uelese, mnyofu hadi anaudhi, aliligeuza akalitazama. "Ni langu," akasema. "Lakini ni la zamani, enzi zile napiga njiwa."

Jamani! Mtu hawezi hata kunyamaza kidogo? Machifu walitazamana. Mmoja akasema kwamba mpiga njiwa haachi, anajificha tu. Mwingine akasema ndiyo maana alikuwa wa kwanza kulia. Nyumba ya baraza haina kuta, kwa hiyo sisi tuliokaa nje tulisikia kila neno, na mkewe, Malaea, alikuwa kando yangu. Adhabu sote tuliijua: familia itolewe kijijini, nyumba ichomwe, majimbi yang'olewe shambani. Malaea aligeuka akatazama makaburi mawili meupe mbele ya nyumba yake, la mama mkwe wake na lile dogo la mwanawe wa kwanza.

"Nitamwachia nani mwanangu?" aliniuliza.

Nilimshika mkono tu.

Wote wakamgeukia mzee Pulefaga. Yeye ndiye msemaji wa baraza, na hukumu ya kijiji hutoka kinywani mwake. Pulefaga akianza kuzungumza, watu huagiza mito ya kuegemea. Siku ile alisimama, akaegemea fimbo yake, akasema, "Tusubiri hadi kesho." Akakaa. Tulidhani anaumwa.

Alasiri akafika Sajini Fetuao na pikapu ya polisi kutoka kituo cha pwani. Fetuao ni binti wa hapa. Mimi na yeye tulilala mkeka mmoja utotoni, na haya ninayosimulia mengine niliyaona mwenyewe, mengine alinieleza baadaye tukimenya majimbi. Ni mfupi, ana sauti ya chini, na hana papara. Ukimdanganya hakukatizi. Anakuacha umalize, kisha anakuomba urudie.

"Baba Uelese, nipeleke," alisema.

Walipanda wote wawili hadi kwenye mti. Fetuao alivua viatu kwa sababu udongo mwekundu wa pale ulikuwa bado tope, na majani yaliyoanguka yalikuwa yamegandamana chini, yamerukiwa na matope kila upande.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jumamosi jioni. Alikuwa tawi lile la chini, linaloinamia jukwaa."

"Na jana?"

Uelese alimshangaa. "Jana si ilikuwa Jumapili? Nani anapanda msituni Jumapili? Unataka baraza linitoze nguruwe?"

"Kwa hiyo mnasema aliuawa Jumamosi, baada ya wewe kushuka."

"Hakuna wakati mwingine, mwanangu."

Fetuao alilifungua lile jani la mgomba akayapanga manyoya juu ya jiwe. "Uliyakuta wapi?"

"Hapo hapo, juu ya majani."

"Uliyapangusa?"

"Nipanguse nini? Niliyaokota nikakimbia."

"Mvua ya Jumamosi usiku unaikumbuka?"

"Nani asiyeikumbuka? Mto si ulifurika hadi barabarani!"

Hata mimi niliikumbuka. Paa la kanisa linavuja juu ya kiti changu cha kwaya, na Jumapili asubuhi niliimba nikiwa nimekalia maji. Fetuao alitazama majani yaliyochafuka, akatazama manyoya, akayakunja tena taratibu. Kisha akatoa lile ganda la risasi, akaligonga kwenye kucha. Wakatoka sisimizi wadogo na mayai yao meupe.

"Wapangaji hawa hawakuhamia juzi," alisema.

Kwa mara ya kwanza siku ile Uelese alitabasamu, ingawa kidogo. Chini ya mti palikuwa na maganda ya matunda yametapakaa, na Fetuao akaokota moja. Kingo zake zilikuwa zimekatwa vipande vipande, kama kwa msumeno wa mwanasesere.

"Chakula chake hicho," alisema Uelese, na sauti ikamlainika. "Lupe, njiwa wetu wa kawaida, humeza tunda zima. Huyu ana adabu zake. Analishika, analikata ganda kwa meno, analizungusha, anakata tena, mpaka afikie kokwa. Hakuna ndege mwingine anayeacha ganda hivi. Nimekaa hapa nikimtazama mpaka nikasahau kula mimi."

"Damu umeiona?"

"Hapana."

"Bawa? Mguu? Nyoya la kifuani?"

"Mkia tu." Uelese alitazama vichakani. "Paka mwitu, labda?"

"Paka angekuachia mabaki. Baba, wewe umeshika njiwa wengi. Njiwa akikamatwa ghafla, mkia wake unakuwaje?"

"Unanyonyoka wote. Anakuachia manyoya mkononi, yeye anajaribu kwenda z..." Alikatiza. Alimtazama Fetuao. "Fetuao. Unaniambia nini?"

"Sijakuambia kitu. Na wewe usimwambie mtu, hata Malaea. Nipe hadi kesho."

Fetuao alipanda juu ya lile jukwaa la mawe. Kwenye pembe iliyo chini ya tawi, ukungu wa kijani ulikuwa umekwanguliwa, na ukoka umelala. Mtu alikuwa amesimama pale muda mrefu.

Aliporudi kijijini, vidole vyote vilikuwa vinamwelekea kijana Setu. Setu amerudi kutoka ng'ambo, Auckland, na miwani ya jua na bunduki, na Jumapili hakuonekana kanisani. Fetuao alimkuta kwa shangazi yake amelala chini ya feni.

"Bunduki yako iko wapi?"

"Chini ya kitanda cha shangazi. Anailalia. Mimi simwezi."

"Jumapili hukwenda ibada."

"Nilikuwa naumwa, afande."

"Ulikuwa unaumwa nini?"

"Tumbo."

"Samahani, sikusikia. Rudia."

"Kichwa."

"Kumbe tumbo limepanda," alisema Fetuao. "Majirani wanasema nyumba hii ilinukia njiwa."

"Njiwa! Mabawa ya kuku ya dukani yale, afande, yaliyokaa kwenye barafu tangu mimi nikiwa shule!"

Shangazi alikuwa jikoni nyuma ya pazia, na uvumilivu ukamwishia. "Mwambie ukweli, mjinga we! Jumapili vijana wenzio wanaamka gizani kuwasha tanuri, wanakuna nazi, wanahudumia wazee wao, wewe unajipulizia manukato! Alikuwa kijiji cha pili kwa binti wa mchungaji!"

"Shangazi!"

"Tena wakati baba yake yuko madhabahuni!"

Fetuao alimpigia simu yule binti. Binti alisema ndiyo, akalia, akaomba baba yake asijue. Setu alikuwa pale kuanzia ibada ya asubuhi hadi jioni. Kijiji kizima tulishangaa kwa nini polisi anahangaika na Jumapili wakati ndege kauawa Jumamosi. Tulisema huyu mtoto wetu pwani imemharibu.

Kabla jua halijazama alikwenda kwa mzee Pulefaga. Alikwenda kama adabu inavyotaka, kumwomba msemaji wa baraza ruhusa ya kuzungumza kesho yake. Aliketi chini karibu na nguzo ya nyuma, mahali pa wasio na cheo, miguu imekunjwa. Mzee aliegemea nguzo yake ya mbele. Mkewe, yuleyule Bibi Tiresa wa magoti, akaleta kakao ya moto. Kidole gumba cha mzee kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Mheshimiwa, pole na kidole."

"Aa, hiki? Si kitu. Jana asubuhi nilikuwa nakuna nazi ya tanuri, mbuzi ikanikwangua."

"Samahani, mheshimiwa. Mbuzi?"

"Mbuzi ya kukunia nazi. Jana. Kabla ya ibada."

"Pole sana," alisema Fetuao, akanywa kakao. Bibi Tiresa alikuwa anatazama dari kwa bidii kubwa, na Fetuao naye akatazama. Kwenye boriti palikuwa na vigingi viwili vitupu. "Zamani tukija kucheza hapa, pale si palining'inia wavu? Ule wa mpini mrefu, wa babu yako mnasa njiwa?"

"Panya," alisema Pulefaga. "Panya wameumaliza."

"Na mpini pia?"

Mzee alisogeza kikombe chake upande mmoja, akakirudisha. "Mwanangu, nimechoka leo."

"Neno moja tu, mheshimiwa. Kwa moyo wako, Uelese ana hatia?"

Pulefaga hakujibu mpaka kakao ikapoa. Mwisho alisema, "Uelese ni mtu mwema," akainuka kwa shida akaenda kulala na mchana haujaisha.

Fetuao akaomba njia ya chooni. Njia hiyo hupita kwenye zizi la nguruwe, na jike mmoja mnene alikuwa anasukuma maganda kwa pua. Fetuao aliinama akaokota mawili. Kingo zilikuwa zimekatwa vipande vidogo vidogo. Nyuma ya zizi kuna kibanda cha zamani cha kukaushia mbata, ambacho hakijatumika tangu bei ya mbata iporomoke, na mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kamba mpya. Alisimama akasikiliza. Ndani kitu kilinguruma chini chini, sauti nene, ya polepole. Fetuao aliniambia nywele zilimsimama, na kwamba alitamani kupiga magoti palepale mbele ya nguruwe.

Lakini hakugusa kamba. Nilimgombeza baadaye kwa hilo. Nilimwambia Malaea hakulala usiku ule, alikaa kaburini kwa mwanawe hadi asubuhi. Akanijibu, "Ningemtoa mimi, Uelese angekuwa mtuhumiwa aliyeponea kwa polisi. Nilitaka kinywa kilichonyamaza ndicho kiseme."

Jumanne, mara tu ava, kinywaji cha kufungulia baraza, iliponywewa, Fetuao aliingia barazani na sare yake na kikapu. Mwanamke asiye na cheo hazungumzi mle. Machifu wawili walianza kunung'unika, lakini Malaetoa akainua usinga wake. "Serikali iseme," alisema. Uelese alikaa peke yake upande wa bahari, ameinamisha kichwa. Sisi tulizunguka nyumba nzima, hata hewa haikupita.

"Waheshimiwa," alianza Fetuao, "tangu jana tunaulizana nani alikuwa wapi Jumamosi. Hakuna aliyeulizwa habari za Jumapili."

"Jumapili hakuna mtu anayekwenda msituni!" mmoja akang'aka.

"Ndivyo tulivyolelewa sote, mheshimiwa, na ndiyo maana hatukuuliza. Jumamosi usiku ilinyesha mvua iliyofurisha mto. Majani ya chini ya mti yote yamechafuka matope. Manyoya haya hapa. Mnaona tope? Mnaona tone? Yalianguka baada ya mvua, na Uelese aliyaokota Jumatatu alfajiri. Imebaki Jumapili tu. Tena Jumapili mchana, baada ya chakula, wakati Vaimanu nzima inakoroma."

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha.

"Ganda la risasi ni la Uelese, kama alivyosema. Lilikuwa na kichuguu cha sisimizi ndani. Na chini ya mti hakuna damu, hakuna nyama, hakuna nyoya la kifua. Ni mkia mtupu. Waliowahi kushika njiwa humu wanajua maana yake. Manumea hakupigwa risasi. Alinaswa, akanyonyoka mkia. Yu hai."

Nyumba ilivuma. Malaea alinikamata bega mpaka kucha zikaingia. Uelese hakuinua kichwa, lakini nilimwona anavyopumua.

"Wavu!" alisema Malaetoa. "Nani leo anajua kunasa njiwa kwa wavu?"

Fetuao hakumjibu. Alitoa kikapuni mbuzi ya kukunia nazi na nusu ya nazi, akasogea kwa magoti kama adabu ilivyo, akaviweka mbele ya mzee Pulefaga.

"Mheshimiwa, nisamehe. Jana uliniambia kidole chako kiliumia Jumapili asubuhi ukikuna nazi. Naomba utuonyeshe ulikaaje."

Kijana mmoja wa nyuma kicheko kikamponyoka, na mjomba wake akampiga kofi la kisogo. Nazi! Kwetu nazi hukunwa na vijana. Mtu akishapewa cheo hakaribii jikoni, huletewa chakula amekaa, na Pulefaga alipewa cheo chake mimi sijazaliwa. Mwongo mwingine yeyote angechagua panga, angechagua ndoana. Yeye hajui kazi za jikoni, akachagua ile moja ambayo hata mtoto angemkamata nayo.

"Pulefaga," alisema Malaetoa polepole, "wewe ulikuna nazi?"

Kutoka nje, Bibi Tiresa akashindwa kuvumilia. "Hajui hata inakaliwa upande gani!" akapaza sauti, na hapo hapo akaangua kilio.

Fetuao aliweka yale maganda mawili kando ya mbuzi. "Nimeyaokota kwenye zizi lako, mheshimiwa. Yamekatwa kwa meno. Kidole chako pia kimekatwa kwa meno hayohayo."

Mzee Pulefaga alisimama. Hakuchukua fimbo wala usinga. Safari hii hakuna aliyeagiza mto.

"Nilikuwa mdogo," alisema, "babu yangu alipomnasa manumea mbele yangu, juu ya jukwaa lile. Alinipa nimguse kwa kidole kimoja tu, akamwachia. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwasimulia watu habari ile. Mmeisikia hadi mmechoka, najua. Ndege aliporudi, mimi ndiye niliyetangaza marufuku, na niliitangaza kwa moyo wote. Lakini ikawa nakaa hapa namsikia analia kule juu. Magoti yangu yanakwisha. Nikasema, nimshike mara moja tu, nimwachie, nani atajua? Mchana ule nilishusha wavu wa babu, nikapanda. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Akaja kwenye tawi la chini, na mkono wangu ukakumbuka wenyewe. Wavu ukafunga bila kugusa jani."

Alisema hilo na macho yakamng'aa, na nitasema kweli, wazee wawili watatu walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Kunasa manumea kwa wavu, kwa magoti yale! Hata Uelese aliinua uso.

"Kisha mkia ukaninyonyokea mkononi. Nilimwachia, akaanguka kwenye magugu, hakuruka. Paka mwitu wamejaa kule. Nikamfunika kwa shati langu nikamleta nyumbani pamoja na matunda yake ya maota, nikasema mkia utaota, nitamrudisha. Nimevunja amri ya msitu, nimevunja Jumapili, na mimi ni shemasi. Jumatatu Uelese akaja analia. Nilitaka kusema. Neno likakwama."

"Na leo?" aliuliza Malaetoa. "Kama huyu binti asingekuja, leo ungesimama utamke hukumu? Ungemfukuza na mkewe, umwache yule mtoto kaburini peke yake?"

Pulefaga alifungua kinywa, akakifunga. Yeye, wa maneno yote yale!

"Usiku kucha nimejiuliza," alisema mwisho. "Napenda kusema hapana. Lakini sijui, Malaetoa. Sijui."

Wakaanza kelele. Wengine walitaka adhabu ileile imgeukie, nyumba kwa nyumba, majimbi kwa majimbi. Malaetoa akawanyamazisha. "Aliyekosewa si mimi wala nyinyi," alisema. Uelese alikwisha kuinuka. Alipita katikati yetu bila kumwangalia mtu, akaenda kwake.

Haukupita muda Pulefaga akatokea barabarani, kichwa wazi, Bibi Tiresa nyuma yake na wanawe wote, wajukuu wote. Mikononi alibeba mkeka wa heshima, ule laini ambao mama yake alitumia ujana wake kuusuka. Alifika mbele ya nyumba ya Uelese, baina ya makaburi mawili, akapiga magoti juu ya mawe meusi, akajifunika mkeka gubigubi. Jamaa zake wakainama nyuma yake. Aliye chini ya mkeka anaomba msamaha na amekabidhi shingo yake, na mwenye nyumba ana haki ya kutoka na panga. Imewahi kutokea.

Uelese alikaa ndani, na sote tulimwona maana hakuna ukuta. Panga lake la shambani lilikuwa kando ya paja. Jua lilikuwa kali. Tuliona mkeka ukitetemeka, kwa sababu magoti yale kwenye mawe yalikuwa mateso, na hakuna aliyethubutu kusogea. Fetuao alisimama nyuma ya watu, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Hapo hakuwa na amri yoyote.

Malaea ndiye aliyekwenda kwa mumewe. Alimnong'oneza kitu ambacho mpaka leo hajaniambia, na mimi si mtu wa kukata tamaa kuuliza. Uelese akainuka. Panga akaliacha chini. Alitoka, akachuchumaa, akaufunua mkeka taratibu, akamtazama mzee usoni.

"Ulipomshika," alisema, "moyo wake ulikuwa unapigaje?"

Pulefaga alikuwa analia. "Kwa nguvu. Niliusikia hadi kwenye kiwiko."

"Miezi yote hii," alisema Uelese, "sijawahi kumgusa."

Akamshika kwapani akamwinua.

Baraza lilimtoza Pulefaga nguruwe kwa ajili ya kijiji kizima, na ukamshika ububu wa barazani kwa muda mrefu, ambao baadhi yetu tuliushukuru. Lakini hayo ni ya baadaye. Kwanza tulikwenda wote hadi kwenye kibanda cha mbata, tunatembea kwa ncha za vidole. Pulefaga alifungua kamba, akasogea kando.

"Mtoe wewe," alimwambia Uelese.

Uelese aliingia akiwa ameinama. Alitoka amemkumbatia kifuani, na sote tukasema "Aaa" kwa pamoja kama kwaya. Yule hapo! Mdomo mwekundu unawaka, macho yanatukagua mmoja mmoja, hana hofu na sisi kabisa, na nyuma hana hata nyoya moja. Bibi Tiresa alicheka huku anafuta machozi.

"Ataruka?" aliuliza Pulefaga. "Bila mkia?"

"Ataruka. Atayumba tu kama mtu aliyezidiwa pombe. Ile Jumapili alikuwa amepigwa bumbuazi, basi."

Hapo manumea akageuza shingo, akalidaka dole gumba la Uelese, akaliuma kwa meno yake yote. Damu ikachuruzika hadi kwenye kiganja. Uelese hakumwachia kwa ghafla. Alimnyanyua polepole juu ya kichwa, akafungua mikono.

Ndege aliyumba kushoto, akayumba kulia, nusura agonge paa la zizi. Kisha mabawa yakashika hewa. Akapita juu ya mashelisheli, akapita juu ya kanisa letu linalovuja, akapanda hadi kwenye ukingo wa msitu, na tukauona mti wa maota ukitikisika.

"Baba Uelese," alisema Fetuao, "watu wakikuuliza kidole, waambie ulikuwa unakuna nazi."

Tulicheka mpaka nguruwe wakashtuka, na Pulefaga mwenyewe akacheka. Malaea alichana pindo la nguo yake, akamshika mumewe mkono ili amfunge.

"Acha kwanza," alisema Uelese, macho yake yakiwa kule juu. "Acha kwanza kidogo."